Jina Jipya kwa Mto wa Zamani: Wakazi wa Bonde la Delaware na Hifadhi ya Taifa Waliyoikataa

Mazungumzo ya elimu kwa umma kuhusu ardhi, mipaka na huduma, yaliyoandaliwa kwa ajili ya wakazi wa kata



Mazungumzo haya yatawapeleka mbali kabla ya kuwarudisha nyumbani. Kisa cha mbali kina faida yake: hakuna aliyeketi hapa anayehusika nacho, wala hakuna jirani atakayedhani kwamba amesemwa yeye. Mtu anaweza kukipima kwa utulivu, kisha akajiamulia mwenyewe kinamhusu kiasi gani.

Nchini Marekani, mpakani mwa majimbo ya Pennsylvania na New Jersey, Mto Delaware unaipasua safu ya milima ya Kittatinny na kupita katikati yake. Kutoka katika mwanya huo kwenda juu, kwa umbali wa takriban kilomita 64, sehemu kubwa ya kingo zote mbili ni mali ya umma. Watu huogelea, huvua kwa ndoana, hupiga makasia, hupanda milima kwa miguu, na msimu wa uwindaji unapofika wenye vibali huingia msituni kutafuta kulungu na bata mzinga wa porini. Eneo hilo lina hekta zipatazo 28,000. Tangu mwaka 1965 jina lake ni Delaware Water Gap, na hadhi yake ni Eneo la Burudani la Taifa. Kwa mwaka hupokea wageni zaidi ya milioni 4, wengi wao wakitoka katika miji mikubwa ya New York na Philadelphia.

Miaka ya karibuni watetezi wa mazingira, wakiwemo viongozi wa matawi ya chama cha Sierra Club katika majimbo hayo mawili, walitoa pendekezo kwamba eneo hilo lipandishwe hadhi. Sehemu moja iwe Hifadhi ya Taifa, na sehemu iliyobaki iwe hifadhi ya daraja jingine, ambamo uwindaji wa vibali ungeendelea. Kwa msikilizaji wa hapa, daraja hilo la pili linakaribiana na pori la akiba.

Kwa mtu aliye mbali, pendekezo hilo linaonekana kuwa ni heri tupu. Nani anakataa kupandishwa cheo? Hata hivyo, wakazi wa miji midogo na vijiji vya pembezoni mwa mto walikataa, tena kwa sauti kubwa. Wawindaji, wavuvi, wakulima na wenye nyumba walisimama pamoja, na halmashauri kadhaa za huko, pande zote mbili za mto, zikapitisha maazimio ya kupinga. Watu hao hawakuwa maadui wa misitu. Wengi wao waliishi pale kwa sababu ya misitu hiyo. Ili kuielewa hasira yao ni lazima kurudi nyuma, kwa maana ndani ya mabishano hayo walikuwa wakibeba kumbukumbu ya jambo lililokwisha kuwapata wazazi wao.

Mwezi Agosti mwaka 1955 vimbunga viwili vilifuatana kwa siku chache, na bonde la Delaware likapata mafuriko ambayo watu wa huko huyasimulia hadi leo. Watu wengi walikufa. Serikali Kuu ikatoa jibu ambalo serikali nyingi zingetoa: lijengwe bwawa. Mwaka 1962 Bunge la Marekani liliidhinisha bwawa kubwa katika kisiwa kidogo kiitwacho Tocks, ili kuzuia mafuriko, kuhifadhi maji ya miji na kuzalisha umeme. Nyuma ya ukuta huo lingetanda ziwa lenye urefu wa karibu kilomita 60. Mwaka 1965 Bunge likaongeza kwamba kuzunguka ziwa hilo pawe na eneo la burudani la umma. Eneo la burudani lilizaliwa likiwa mtoto wa bwawa.

Kilichofuata ni kutwaa ardhi. Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi kilipita shamba kwa shamba, nyumba kwa nyumba. Waliokubali bei waliuza, na waliokataa walipelekwa mahakamani na ardhi ikachukuliwa kwa fidia iliyopangwa. Familia zilizokaa bondeni kwa vizazi kadhaa, kabla hata ya Marekani kuwa taifa huru, ziliondoka. Maelfu ya watu walihama. Nyumba zilibomolewa, nyingine zikaachwa wazi hadi wavamizi wakaingia na kuishi humo, nao wakaondolewa kwa nguvu mwaka 1974.

Miongoni mwa waliopinga tangu mwanzo alikuwa Nancy Shukaitis, mama ambaye ardhi ya familia yake ilikuwa ndani ya mipaka iliyochorwa. Alikwenda mahakamani, alihudhuria vikao bila kuchoka, na baadaye wananchi wakamchagua kuwa kamishna wa Kaunti ya Monroe. Wapinzani walikuwa na hoja moja ambayo wahandisi walipata taabu kuijibu: vifo vingi vya mwaka 1955 vilitokea kwenye vijito vinavyoingia Delaware, na bwawa lililokusudiwa lingejengwa kwenye mto mkubwa. Watu waliokufa wasingeokolewa na ukuta ule.

Gharama nazo zikapanda, na wataalamu wakatilia shaka uimara wa miamba ya mahali penyewe pamoja na usafi wa maji ya ziwa lijalo. Mwezi Julai 1975 magavana wa majimbo manne yanayotumia mto huo walipiga kura. New York, New Jersey na Delaware zilikataa. Pennsylvania peke yake ilitaka bwawa lijengwe. Mwaka 1978 sehemu hiyo ya mto ikawekwa chini ya sheria ya kulinda mito ya asili, na habari ya bwawa ikafikia ukingoni.

Hapa ndipo penye kidonda. Bwawa halikujengwa, lakini ardhi haikurudi. Sababu iliyotolewa ya kuwahamisha watu ilikuwa maji yatakayofunika mashamba yao. Maji hayakuja, na mashamba yakabaki mikononi mwa serikali, yakisimamiwa na Idara ya Hifadhi za Taifa kama eneo la kupumzikia watu wa mijini. Mzee aliyehamishwa aliweza kuegesha gari kando ya barabara, akaona kisima cha baba yake kikiwa kikavu juani, na wageni wakila chakula chao pembeni.

Athari kwa serikali za mitaa hazikuwa ndogo. Upande wa New Jersey kulikuwa na mji mdogo ulioitwa Pahaquarry. Ulikuwa na mipaka yake, viongozi wake na bajeti yake. Wakazi walipohamishwa, mji ulikonda hadi mwaka 1997 ukafutwa na kuunganishwa na jirani yake Hardwick, kwa kuwa waliobaki walikuwa wachache mno hata kuendesha serikali yao. Jirani yake mwingine, Walpack, umebaki kwenye ramani. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu humo watu 7. Wenyeviti wa vitongoji waliopo hapa watajua maana ya namba hiyo bila kufafanuliwa.

Haki inataka isemwe pia kwamba waliohamishwa miaka ya 1960 hawakuwa wa kwanza. Bonde lile lilikuwa makazi ya watu wa Lenape. Mwaka 1737 wana wa William Penn, mwanzilishi wa koloni la Pennsylvania, walidai kuwa na hati ya zamani iliyowapa ardhi kwa kadiri mtu awezavyo kutembea kwa siku moja na nusu. Walenape walitazamia mwendo wa kawaida wa msafiri, anayepumzika na kula njiani. Waliotoa hati wakafyeka njia mapema, wakaajiri watu watatu wenye mbio kuliko wote, na hata wawili walipoishiwa nguvu, wa tatu akaendelea. Kisha mstari wa mpaka ukachorwa kwa mshazari kutoka alipoishia hadi mtoni, ukameza ardhi kubwa zaidi. Leo mataifa ya Lenape yanaishi Oklahoma, Wisconsin na ng'ambo ya mpaka huko Kanada. Pendekezo jipya lilitaka kulitumia jina lao katika sehemu ya hifadhi. Jina ni heshima, bila shaka, ingawa mwenye jina anaishi umbali wa safari ya siku kadhaa.

Basi, pendekezo la Hifadhi ya Taifa lilipofika, wakazi hawakulisoma kama karatasi mpya. Walilisoma kama ukurasa wa pili wa karatasi ile ile.

Watetezi wa pendekezo walikuwa na hoja nzito nao wanastahili kusikilizwa. Walisema eneo tayari ni la Idara ya Hifadhi za Taifa, kwa hiyo hakuna mtu atakayehamishwa na hakuna nyumba itakayotwaliwa. Walisema idara hiyo inasimamia maeneo zaidi ya 400, na 63 tu kati ya hayo ndiyo yenye cheo kamili cha Hifadhi ya Taifa. Watalii hufuata cheo hicho, na hoteli, migahawa na maduka ya pembezoni yangepata wateja. Tena, eneo linalopokea wageni milioni 4 linastahili kutajwa pamoja na hifadhi mashuhuri.

Wakazi walijibu kwa swali: wageni milioni 4 hawatoshi?

Swali hilo halikuwa la kejeli, na ndilo linaloigusa kazi ya halmashauri yoyote. Katika vijiji vya pembezoni mwa Delaware, zimamoto na wahudumu wa gari la wagonjwa ni watu wa kujitolea kwa sehemu kubwa. Mchana ni fundi bomba, mwalimu au muuza duka. King'ora kikilia anaacha kazi yake na kukimbia. Miji midogo mingi ya Pennsylvania haina polisi wake yenyewe, hutegemea polisi wa jimbo. Mgeni akiteleza kwenye mwamba, au akizama mtoni siku ya joto ya Julai, mgeni yule si mlipa kodi wa mahali pale, lakini anayeamshwa usiku kumtafuta ni kijana wa pale. Magari yakijaa maegesho, yanaegeshwa kando ya barabara nyembamba mbele ya nyumba za watu. Taka zikifurika nje ya lango, haziko tena ndani ya hifadhi. Zimekuwa za mji.

Na fedha za kulipia hayo zinatoka wapi? Huko, shule na huduma nyingi za mji huendeshwa kwa kodi ya ardhi na majengo. Ardhi ya Serikali Kuu hailipi kodi hiyo. Tangu mwaka 1976 kuna sheria ya kuzilipa serikali za mitaa kifuta machozi kwa ajili ya ardhi ya namna hiyo, lakini kiasi chake hutegemea Bunge litakavyopanga mwaka hadi mwaka. Cheo kipya hakiambatani na fungu jipya. Bunge linaweza kubadilisha jina leo na kuacha bajeti ilivyokuwa jana. Kwa watunza hesabu wa miji midogo, mapato ya utalii yalikuwa ahadi, ilhali mafuta ya gari la wagonjwa ni ankara iliyokwisha kufika mezani.

Wawindaji walikuwa na hoja yao ya pekee. Katika Eneo la Burudani la Taifa uwindaji unaruhusiwa. Katika Hifadhi ya Taifa, kwa kawaida, umekatazwa. Kila kitu kilitegemea mstari kati ya sehemu ya hifadhi na sehemu ya daraja la pili ungepita wapi. Watetezi walitaja mfano wa New River Gorge katika jimbo la West Virginia, uliopandishwa hadhi mwezi Desemba 2020. Huko, sehemu ya kumi hivi ya eneo ndiyo iliyofungiwa wawindaji, na sehemu kubwa iliyobaki ikaendelea kuwa wazi kwao. Wageni wakaongezeka kwa kasi mwaka uliofuata. Wafanyabiashara walifurahi. Wapinzani wa Delaware walipoutazama mfano huo huo, waliona ongezeko la magari. Mfano mmoja ulitumiwa na pande zote mbili, na wala hakuna aliyesema uongo.

Ni kweli pia kwamba baadhi ya hofu zilizidi kipimo. Wapo walioeneza habari kwamba nyumba zitatwaliwa upya, jambo ambalo pendekezo halikulisema. Wapo waliosema uvuvi utakoma, wakati uvuvi wa ndoana huruhusiwa katika Hifadhi za Taifa nyingi za huko. Mabishano ya ardhi huzaa uvumi upesi, na uvumi huwaharibia hata wenye hoja ya haki. Lakini kosa kubwa zaidi lilikuwa la mpangilio. Wakazi wengi walilalamika kwamba habari iliwafikia wazo likiwa limekwisha kuiva, lina jina, lina ramani ya maneno, linatafutiwa uungwaji mkono. Ramani yenye mistari halisi, inayoonyesha uwindaji utakoma kwenye kilima kipi, hawakuwa nayo mkononi. Mtu aliyewahi kupoteza shamba kwa ahadi ya ziwa ambalo halikuja hawezi kuombwa aridhie mstari asiouona. Eneo limebaki na jina lake la mwaka 1965.

Ndugu wakazi, tofauti kati ya huko na hapa ni kubwa na haifai kufunikwa. Hapa Tanzania, maneno haya yana uzito wa kisheria ulio mkali zaidi. Katika pori la akiba, uwindaji unaweza kufanyika kwa leseni. Katika msitu wa hifadhi, mwananchi anaweza kupata kibali cha kuweka mizinga ya nyuki. Katika Hifadhi ya Taifa, chini ya sheria yake, hakuna uwindaji, hakuna malisho, hakuna kukata kuni, hakuna mizinga. Kwa mfugaji wa nyuki, kupandishwa hadhi kwa msitu kunaweza kuwa na maana ya kuhamisha mizinga yake yote. Kwa sababu hiyo maneno "eneo la hifadhi" hayatoshi kamwe. Anayeyasikia mkutanoni ana haki ya kusimama na kuuliza: ni hifadhi ya daraja gani, chini ya sheria ipi?

Tofauti nyingine inamwelekea mwananchi wa kijijini. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 haikuacha jambo hili mikononi mwa watu wa mbali pekee. Ardhi ya kijiji inapokusudiwa kuhamishwa kuwa ardhi ya hifadhi, kusudio hutangazwa katika Gazeti la Serikali, na nakala hupelekwa kwa halmashauri ya kijiji, ambayo ina wajibu wa kuwajulisha wanakijiji. Ikiwa ardhi yenyewe haizidi hekta 250, Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio unaokubali au kukataa. Ikizidi hapo, Mkutano Mkuu hutoa mapendekezo yake, na Waziri huamua baada ya kuyazingatia. Tena ardhi haihamishwi kabla ya makubaliano juu ya fidia: aina yake, kiasi chake, namna ya kulipwa na wakati wa kulipwa. Waliokuwa wakiishi kando ya Delaware mwaka 1965 hawakuwa na mkutano wa namna hiyo.

Mkutano Mkuu wa Kijiji ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Si wa wazee peke yao, wala si wa wenye mashamba makubwa. Mama anayechota maji kwenye chemchemi iliyo ndani ya mpaka unaojadiliwa ana neno la kusema, pengine kuliko wote. Kijana anayebeba wagonjwa kwa bodaboda hadi kituo cha afya anajua barabara ya kwenda mtoni hupitika miezi mingapi kwa mwaka, na mtaalamu aliyekuja kwa siku mbili hawezi kulijua hilo asipoambiwa. Maneno ya namna hiyo hayana budi kuingia katika muhtasari wa mkutano, yaandikwe kama yalivyosemwa, kwa kuwa ngazi za juu husoma muhtasari. Minong'ono ya baada ya kikao haiwafikii.

Na yapo maswali ya huduma ambayo yanafaa kuulizwa mapema, kabla ya wageni kufika na kabla ya lango kujengwa. Barabara ya kuelekea langoni itatengenezwa na nani, na magari yatakapoongezeka itafanyiwa ukarabati kwa fungu lipi? Mgeni akiumia atapelekwa kituo gani, na dawa zitakazotumika zitarejeshwaje? Taka za nje ya lango ni za nani? Njia ya ng'ombe kwenda kunywa maji itapita wapi? Majibu yake yanaweza kuwa mazuri kabisa. Zipo hifadhi zilizoleta madarasa na zahanati kwa majirani zake. Lakini jibu zuri lililoandikwa na kutiwa sahihi kabla ya mpaka kuwekwa lina nguvu ambayo ahadi ya mdomo haina.

Muhtasari wa Mkutano Mkuu na orodha ya mahudhurio hutunzwa katika ofisi ya mtendaji wa kijiji, na mkazi yeyote anaweza kwenda saa za kazi kuomba kuvisoma. Matangazo ya mikutano hubandikwa kwenye ubao wa ofisi hiyo. Kwa wasioweza kusoma, wenyeviti wa vitongoji wana wajibu wa kuwapitishia habari nyumba kwa nyumba, nao wanakumbushwa hapa kufanya hivyo.